Ufunguo Mmoja wa Chumba cha Gemu

Niazimeni masikio, wakubwa kwa wadogo, nami nitawarudishia yakiwa na kazi ya kufanya. Hadithi yangu ni ya Tanga. Ina wawindaji watatu, kaseti moja na ufunguo mmoja, na hapo kwenye ufunguo ndipo ilipo kesi yenyewe. Anayetaka kusikiliza huku anachezea simu aende akakae nje, maana mwisho wa yote nitawauliza swali na sitaki majibu ya kubahatisha.

Wawindaji wenyewe hawakuwinda swala. Waliwinda gemu za zamani. Naona kuna mtu amecheka huko nyuma. Cheka tu, ndugu yangu, lakini hizo ndizo zilizotukuza sisi wa mitaa ya Ngamiani: gemu za kaseti, zile za kuchomeka juu ya mashine, enzi ambazo kila TV ilikuwa ya chogo na kibanda cha gemu kilijaa watoto mpaka mwenye kibanda anakosa pa kusimama. Vibanda vikafa, mashine zikatupwa, kaseti zikazagaa masokoni katikati ya pasi mbovu na saa za ukutani. Watatu hawa walizunguka kila siku ya soko wakichakura kwenye hizo takataka, na furaha yao kubwa ilikuwa kununua kwa bei ya bure kitu ambacho wao tu ndio wanajua kwamba ni dhahabu.

Wa kwanza aliitwa Hidaya, mwalimu wa darasa la tatu, na kipaji chake kilikuwa macho. Kaseti ikiwa imefukiwa chini ya rundo la nyaya, Hidaya anaona kona yake tu, anakuambia ni gemu gani, ya mwaka gani, na kama imewahi kufunguliwa na fundi mbabaishaji. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: uso wake hauwezi kutunza siri. Akiona kitu cha maana anang'aa kuanzia paji la uso hadi kidevu, na muuzaji akiuona uso ule anapandisha bei hapo hapo.

Wa pili aliitwa Semboja, dalali wa nyumba, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Alijua kupatana bei mpaka muuzaji anamshukuru kwa kumpunja. Tatizo lake ni kwamba kwenye gemu alikuwa kipofu kabisa. Aliwahi kupigania sanduku zima la kaseti asubuhi nzima, akalipata kwa bei ya kuchekesha, wakafika nyumbani wakakuta ni maganda matupu, ndani hamna hata kibao cha umeme.

Wa tatu aliitwa Mrisho, fundi redio, na kipaji chake kilikuwa mikono. Mashine iliyokufa ikipita kwake inaamka. Kaseti iliyoliwa na kutu anaibembeleza mpaka inaitikia. Ila sokoni hafai hata kidogo, maana akitajiwa bei analipa yote, kisha anasema asante na kuuliza habari za watoto.

Sasa mnaona wenyewe. Macho bila ulimi yanapandisha bei, ulimi bila macho unanunua maganda, na mikono bila hao wawili inakaa nyumbani na kufilisika kwa adabu. Kwa hiyo walitembea pamoja, na wakajiwekea sheria moja ya kuzuia ugomvi: kitu ni cha yule aliyekigusa kwanza. Sheria hiyo iliwafaa miaka yote, kwa sababu hawakuwahi kukutana na kitu ambacho wote watatu walikitaka kwa moyo mmoja.

Kitu hicho kilikuwa chumba cha Mzee Shekilindi.

Mzee Shekilindi alikuwa karani wa bandari zamani, mkali, mwenye kusahihisha Kiswahili cha watu hata msibani. Kwenye chumba chake cha uani alikuwa amekusanya gemu tangu ujana wake. Nyingine alipewa na mabaharia, nyingine alizinunua vibanda vilipokuwa vinafungwa. Mashine zote zilifanya kazi. Kaseti zote zilipangwa rafuni, migongo imeangalia mbele. Kila Jumamosi alifungua mlango, na mtoto yeyote wa mtaani, hata wa mtaa wa mbali, alikuja kucheza bure ilimradi amenawa mikono. Wawindaji wetu watatu walianza kuzipenda gemu humo humo, wakiwa bado wanavaa kaptula na magauni ya shule.

Rafuni palikuwa na pengo moja tu. Mzee hakuruhusu kitu chochote kiwekwe hapo, hata kwa muda. Pengo lile lilikuwa la Bibi Mwavuli.

Msiniulize jina halisi la gemu hiyo, maana hakuna anayelijua. Kaseti yake ilikuja Tanga ikiwa na maandishi ya kigeni, na lebo ilibanduka kabla hajapatikana mtu wa kuisoma. Jina walilipa watoto wa Ngamiani. Ndani yake kuna bibi kizee ameibiwa birika. Anamfukuza mwizi juu ya mapaa ya nyumba, anaruka paa moja hadi jingine, na mwavuli wake ndio bawa na ndio fimbo. Gemu ilikuwa moja tu mji mzima, kwenye kibanda kimoja cha barabara ya kumi na saba. Na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kama yule bibi alilipata birika lake. Ama muda wako uliisha, ama wenzako walikusukuma. Mzee Shekilindi mwenyewe, akiwa kijana mwenye masharubu, alifika paa la mwisho, akamwona mwizi mbele yake, na umeme ukakatika. Kibanda kikafungwa kabla hajapata zamu nyingine. Alikuwa anaisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia posa iliyovunjika.

Basi mwaka huo binti yake aliyeolewa Mbeya akajifungua mapacha, akamwomba baba ahamie kwake. Mzee akakubali. Nyumba akaipangisha, kikabaki chumba cha uani. Hapo ndipo akatokea mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, Lutengano, mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na simu mbili, akasema atanunua vyote. Watu walimjua Lutengano. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa anauza kimoja kimoja kwa wateja wa nje, na chumba kilichokusanywa kwa umri mzima kingetawanyika ndani ya wiki.

Wawindaji watatu walipopata habari walikimbilia uani. Hidaya macho yalishaanza kulowa.

"Mzee, usimuuzie," alisema. "Tuachie sisi. Tutakitunza."

"Nyie ni watu wangapi?" Mzee aliuliza.

"Tuko watatu."

"Basi hapana. Kile kibanda cha barabara ya kumi na saba kilikuwa cha marafiki watatu. Walipotengana, mmoja alichukua TV, mmoja mashine, mmoja kaseti. TV bila mashine ikaonyesha mawimbi. Mashine bila kaseti ikawa stuli ya kukalia. Kaseti zikaishia jalalani, na Bibi Mwavuli akiwemo. Mimi chumba changu nampa mtu mmoja, ufunguo mmoja, mkono mmoja."

"Mtu gani?" Semboja aliuliza.

Mzee alitazama lile pengo la rafuni kwa muda. "Atakayeniletea Bibi Mwavuli akiwa anacheza. Si ganda, nataka anayecheza. Lutengano anakuja na kirikuu chake Jumamosi mchana, na mimi jioni nasafiri. Asipopatikana mpaka hapo, nauza."

Walitoka pale wameinamisha vichwa. Ilikuwa Alhamisi, na gemu hiyo walikuwa wameitafuta maisha yao yote.

Ijumaa asubuhi waliingia soko la mitumba. Walipekua magunia, wakapekua masanduku, wakapekua hata kapu la mama mmoja ambalo lilikuwa la vitunguu vyake mwenyewe. Lutengano naye alikuwepo, anapita meza kwa meza. Yeye alikuwa na namna yake ya kufanya kazi: anainua kaseti, anasoma lebo, anaiandika kwenye simu, anaona inauzwaje huko nje, ndipo anajua kama inampendeza.

Mchana ukaingia bila kitu. Hidaya akachoka, akachutama kando ya meza ya viatu ya Bi Mwanjaa ili akaze kamba ya kiatu chake. Akainamisha kichwa, na chini ya meza akaona mguu mmoja umepandishwa juu ya kipande cha kitu kigumu ili meza isiyumbe. Kipande kilikuwa kimezama kwenye udongo, kimebaki ukucha tu wa rangi ya kijani. Kwenye huo ukucha palikuwa na vitundu vya kuchomwa kwa msumari wa moto.

Mimi na wewe tungeona tofali. Hidaya aliona barabara ya kumi na saba. Wenye vibanda wa zamani walichoma alama kwenye kaseti zao ili zisiibiwe, kila kibanda na alama yake, na Hidaya alikuwa anazijua zote. Kaseti ya kijani yenye alama ile haikuwepo nyingine Tanga nzima. Maelfu ya watu walikuwa wamenunua viatu kwenye meza ile, na yeye peke yake ndiye aliyeona meza imekanyaga nini.

Kisha akafanya kosa ambalo angelifanya Hidaya tu. Alisimama na uso wake wote unawaka, akasema kwa sauti, "Bibi Mwavuli."

"Bibi nani?" Bi Mwanjaa aliuliza. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na biashara aliianza kabla Hidaya hajazaliwa. "Umeona nini chini ya meza yangu, mwanangu?"

"Sijaona kitu, mama."

"Uso wako umeona."

Kwenye meza ya pili Lutengano aliinua kichwa.

Hapo ndipo Semboja alipoingia. Hakutazama chini hata mara moja. Alimwamkia Bi Mwanjaa shikamoo ya heshima, akaokota raba za zambarau zilizokuwa juu ya meza, akazigeuza geuza na kukunja uso kama mtu aliyepewa chai ya jana.

"Mama, msamehe dada yangu. Tangu asubuhi analilia raba hizi nimnunulie, na kila akiziona anapagawa. Bei gani?"

Bi Mwanjaa akataja bei. Semboja akacheka kwa upole, akataja yake. Bi Mwanjaa akaapa kwamba kwa bei hiyo hata kamba zake hatoi. Semboja akasema raba zenyewe zimetembea sana, zimeshafika Nairobi na kurudi. Bi Mwanjaa akasema aliyetembea nazo alikuwa mtu mwepesi. Wakaendelea hivyo mpaka watu wakaanza kusogea kusikiliza, na mwishowe wakakubaliana bei ambayo kila mmoja aliilalamikia kwa furaha. Wawindaji walichanga, wakalipa.

"Sasa nyongeza yangu, mama," Semboja alisema.

Mnajua wenyewe, sokoni hununui ukaondoka bila nyongeza. Bi Mwanjaa akampa kamba za viatu. Semboja akasema kamba anazo. Akampa kopo la dawa ya viatu lililobaki nusu. Akasema raba hazipakwi dawa.

"Basi unataka nini wewe, mtoto msumbufu?"

"Nipe hata hicho kipande kilichoinua meza. Dada yangu anapenda kuokota okota."

Bi Mwanjaa hakuwa mjinga. Aliinama kwa taabu, akakichomoa kile kipande, akakipangusa kwa khanga yake na kumwonyesha Lutengano. "Kaka, wewe ndiye mnunuzi wa vitu hivi. Hiki kina thamani?"

Hidaya alishika mkono wa Mrisho akaufinya. Lutengano aliigeuza ile kaseti, akatafuta lebo mbele, akatafuta nyuma, akakuna udongo kwa kucha. Hakukuwa na cha kuandika kwenye simu. Wakati wote huo Semboja, ambaye hajawahi kunyamaza tangu aachishwe ziwa, alisimama amefumba mdomo na kuangalia bei za soksi. Kuna wanaosema huo ndio ulikuwa upatanaji mkubwa kuliko wote aliofanya maishani.

"Haina lebo, na imeoza," Lutengano alisema. "Tupa tu, mama."

"Haya, chukua," Bi Mwanjaa alimwambia Semboja. "Lakini meza yangu itasimama juu ya nini?"

Semboja akavua kandambili yake moja, akaikunja, akaipachika chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia kuliko mwanzo. Kisha yeye mwenyewe akavaa zile raba za zambarau, zilizomzidi saizi, akaondoka sokoni anaburuta miguu na Bibi Mwavuli yuko mfukoni mwake.

Walipofika kwa Mrisho waliifungua kaseti mezani, na furaha ikakatika. Ndani mlikuwa na udongo, mayai ya mchwa na kutu ya kijani. Hidaya, kwa mazoea ya vibanda, aliinyanyua aipulize kwa mdomo, kama tulivyofanya sote.

"Usipulize," Mrisho alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wenzake kumsikia akiamuru mtu. "Mate ndiyo yaliyozimaliza gemu za mji huu. Weka chini, na mniache."

Alisafisha kwa spiriti na mswaki. Meno ya shaba yaliyokuwa meusi aliyasugua kwa kifutio cha shule mpaka yakang'aa. Nyuzi zilizokatika alizifuata moja moja akaziunga kwa waya mwembamba kuliko unywele. Akachomeka kwenye mashine. Kioo kikabaki cheusi. Akaichomoa, akaitazama upya, akaona kidude kimoja kidogo kimeliwa na kutu hadi tumboni, na kidude cha namna hiyo hakiuzwi dukani popote.

Mrisho aliweka chini bisibisi yake. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati lake, akatoa kaseti ya Mpishi Kichaa. Hiyo ndiyo gemu yake ya kwanza maishani, aliyonunuliwa na marehemu mama yake kwa pesa za maandazi. Ilikuwa nzima. Ilikuwa inacheza. Aliifungua, akakitoa kidude chake, akakipandikiza kwa Bibi Mwavuli. Mpishi Kichaa hakupika tena.

Akachomeka mara ya pili, na bibi kizee akatokea kwenye kioo, amesimama juu ya paa, anakunjua mwavuli wake. Hidaya alilia wazi wazi. Semboja alimbeba Mrisho juu juu, na raba moja ya zambarau ikamvuka mguuni.

Jumamosi, habari ilishafika kila barabara ya Ngamiani. Uani kwa Mzee Shekilindi pakajaa. Waliokuwa watoto wa vibanda walikuja wakiwa na vitambi na watoto wao. Viatu vikarundikana mlangoni. Lutengano alikuja na kirikuu chake, akaona umati, akabaki amesimama dirishani.

Mzee alinawa mikono, akakaa kwenye stuli, akaichomeka kaseti mwenyewe. Aliposikia ule muziki wa mwanzo aligeuza uso na kujifanya anakohoa.

Akaanza kuruka mapaa. Vidole vya mzee vilikuwa vizito kwenye paa la kwanza, vikachangamka kwenye la pili, na alipofika katikati ya gemu mikono yake ilikuwa imesharudi ujanani. Chumba kizima kiliruka pamoja naye. Mtu mmoja akawa anapiga kelele kwamba umeme usikatike, umeme usikatike, mpaka wakamziba mdomo. Bibi akafika paa la mwisho. Mwizi yule pale. Mzee akaruka, mwavuli ukafunguka, akashuka taratibu, akampiga mwizi kichwani kwa mwavuli, na birika likadondoka.

Bibi akaliokota. Akaketi juu ya paa, akamimina chai vikombe viwili, kimoja akampa mwizi.

Hakuna aliyetegemea hilo. Chumba kikalipuka kwa vigelegele na vifijo vilivyosikika hadi sokoni. Mzee Shekilindi alicheka huku machozi yanamshuka, na hakujali nani anamwona. Akasimama, akaichukua kaseti, akaiweka kwenye lile pengo la rafuni. Ikaingia sawasawa.

"Kaka, samahani kwa usumbufu," alimwambia Lutengano. "Siuzi."

Lutengano aliitazama ile kaseti ya kijani, akatazama vidole vyake mwenyewe vilivyoishika jana. "Nimeishika mimi hii," alisema, na ikabidi acheke pamoja na watu. Kirikuu kikaondoka kitupu, chumba kikawa kimepona.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni. "Haya. Ni nani aliyeniletea?"

"Mimi niliiona," Hidaya alisema. "Bila macho yangu ingebaki chini ya meza mpaka kiama."

"Na ungeinunua kwa bei ya nyumba, au angeichukua Lutengano," Semboja alisema. "Sheria yetu tunaijua, kitu ni cha aliyekigusa kwanza. Kati yetu watatu niliigusa mimi."

Mrisho alikuna kichwa. "Mlichoniletea mimi kilikuwa tofali," alisema taratibu. "Mzee alisema Bibi Mwavuli anayecheza. Na mimi ndiye niliyepoteza kitu ili acheze."

Kabla Mzee hajajibu, watu wa mlangoni wakapisha, akaingia Bi Mwanjaa anahema, ameshika raba za zambarau mkononi.

"Nilikuwa napita, nimesikia vigelegele, nikaona raba zangu mlangoni," alisema. "Nikajua yule mtoto mwenye maneno yuko humu ndani. Mnasema kitu ni cha aliyekigusa kwanza? Kibanda cha barabara ya kumi na saba kilipofungwa nilikuwa nauza mihogo mbele yake. Kitu hicho nilikiokota jalalani mimi. Soko limehamishwa, nikahama nacho. Mvua kubwa zimekuja zikabeba hadi meza za wenzangu, nikakichimbua kwenye matope nikarudi nacho. Nyie mmekihangaikia siku mbili. Kingekuwa wapi bila mimi?"

"Lakini ulinipa mwenyewe, mama, tena mbele za watu," Semboja alisema.

"Nilikupa nyongeza ya raba za dada yako. Mbona umezivaa wewe?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na hata Semboja mwenyewe akajikuta anacheka pamoja nao.

Mzee aliwauliza wanne hao swali moja tu: kila mmoja angekifanyia nini chumba. Hidaya akasema angekiacha vile vile kilivyo, kisipotee hata kijiti. Semboja akasema angebadilishana gemu zilizojirudia, apate zile ambazo Tanga haijawahi kuziona. Mrisho akasema angezifungua zote, moja baada ya nyingine, azitibu kabla kutu haijazifikia. Bi Mwanjaa akasema angefungua mlango kila siku badala ya Jumamosi tu, maana vitu vya kuchezea havikuumbwa kufungiwa. Majirani wakaanza kubishana, mume na mke wake, fundi na mteja wake, na kila upande ulikuwa na hoja.

Mzee Shekilindi hakumkatalia hata mmoja. Begi lilikuwa begani, basi la Mbeya linamsubiri, na mlangoni watoto walishaanza kunawa mikono kwa ajili ya zamu zao. Alisimama katikati ya chumba na ufunguo mmoja kwenye kiganja, mbele yake mikono minne imenyooshwa: wa aliyeona, wa aliyepatana, wa aliyeponya na wa aliyetunza bila kujua anachokitunza.

Mimi nimemaliza kazi yangu, na masikio yenu nawarudishia. Sasa simama wewe pale alipokuwa amesimama Mzee, watoto wanakutazama na basi linapiga honi. Je, ungeamua vipi? Ufunguo ungeuweka kwenye mkono wa nani, na wale watatu waliobaki ungewaambia nini?